Pini Nane za Shaba

Ninyi vijana mnaofunga mashine za boti pale Mwaloni, Kirumba, najua mnanicheka. Mnasema Bibi Kabula amestaafu lakini vidole vyake bado viko kazini, kila akipita lazima aombe pini ya propela aipapase kama anachagua dagaa. Juzi mmoja wenu akaniuliza, "Bibi, unatafuta nini kwenye kitu kidogo hivyo?" Nikamwambia natafuta kosa langu. Mkacheka tena. Basi leo kaeni, punguzeni hiyo redio, niwaeleze, maana mficha uchi hazai.

Kwanza mjue kuwa mimi si mtu wa maji. Kwetu ni jirani na Bujora, ukoo wa ng'ombe, ziwa tulilisikia kwa wauza samaki tu. Nilipomwambia baba nimepata kazi kwenye karakana ya boti ya serikali mjini Mwanza, alichokonoa meno, halafu akauliza, "Hizo boti zinakamuliwa?" Mpaka leo sijui kuogelea. Nimekula mkate wa boti maisha yangu yote, na mkinitupa pale gatini nazama kama jiwe.

Miaka ile ya Ujamaa kila mkutano ulisema wanawake washike kazi zote. Mimi nilikuja na barua ya kuomba kufagia ofisi. Katibu wa kamati ya wafanyakazi, Ndugu Masanja, mtu wa suti moja ya kijivu aliyoifua Jumamosi na kuivaa Jumatatu, akaisoma, akanitazama, akasema karakana haina mwanamke hata mmoja na mkoani wameanza kuuliza. Wengine huitwa na Mungu kwenye kazi zao. Mimi niliitwa na ripoti ya mkoa.

Aliyenipokea ni fundi mkuu, Mzee Rweyongeza. Mhaya wa Bukoba, Mlutheri, mrefu, ovaroli imepigwa pasi mpaka mstari unaonekana. Sabuni iliadimika mji mzima, watu wanapanga foleni kwa kipande, lakini yeye sijui alifulia nini. Siku ya kwanza nikasema, "Shikamoo, Mzee." Akasema, "Marahaba. Umenawa mikono?" Nikashangaa. Mafundi wote niliowahi kuwaona hunawa baada ya kazi. Yeye alinawa kabla. Alisema uchafu wa mkono wako ndio unaoingia kwenye kabureta, na kabureta haina adabu, haitakuambia mpaka uko katikati ya ziwa.

Sasa pini. Wenye mashine kubwa za siku hizi mna raba ndani ya propela, hamjui shida. Lakini wenye mashine ndogo mnaijua: kijiti cha shaba, urefu wa kiungo cha kidole, kinapita kwenye mhimili na kuishika propela. Propela ikigonga jiwe, pini inakatika, propela inazunguka bure, mashine inapona. Unatoa pini nyingine mfukoni, unafunga, unaendelea na safari. Rahisi hivyo. Ila miaka ile pini za dukani hazikuwepo. Hakuna kitu kilikuwepo. Tulichonga wenyewe kwa vijiti vya shaba vya kulehemu, tena hivyo navyo tuliomba kwa mafundi wa reli kama watu wanaoomba chumvi.

Mimi katika ujanja wangu wa mwaka wa kwanza, boti ya maofisa wa uvuvi ililetwa pini imekatika mara tatu kwa wiki moja. Nikajiambia, pini hii ni laini mno, ngoja niwaponye. Nikachukua msumari wa inchi nne, nikaukata kichwa, nikaupachika. Ulikaa vizuri ajabu. Nilijipongeza kabisa. Ziwa letu hapa mnalijua, mawe yake mengine yako juu watu wanayapiga picha, mengine yako chini yanasubiri. Siku ya tatu boti ile ikalikuta moja. Msumari haukukatika. Zilizokatika ni gia.

Mzee hakupiga kelele. Alifungua mguu wa mashine, akamwaga ile oili nyeusi kwenye karai, akachagua meno ya gia moja moja, akayaweka kiganjani mwangu. Yalikuwa bado na uvuguvugu wa jua. Akasema, "Kabula, pini kazi yake ni kuvunjika. Ikikataa kuvunjika, kitavunjika kitu ambacho wewe huwezi kukichonga." Akanifunga vidole juu ya yale meno akaenda kunywa chai. Nililia kwa hasira, si kwa majuto. Majuto yalikuja baadaye, niliposikia boti ile imekaa miezi ikingoja gia kutoka nje.

Tangu siku hiyo akanifundisha pini kama watu wanavyofundishwa kusoma. Tupa iende na urefu wa pini, isiende kwa kukata katikati. Mkwaruzo mmoja tu wa tupa uliopita kwa upana, hata kama huuoni, ndipo pini itakapofia. Ukimaliza, sugua na majivu na kitambaa mpaka kidole kisikwame popote. Na pini iliyovunjika usiitupe, iangalie. Iliyogonga kitu inakatika kwa mara moja na kuacha uso uliopakazwa kama siagi. Iliyokuwa na mkwaruzo hupasuka kidogo kidogo kutoka pale pale penye mkwaruzo, na uso wake una ngazi. "Shaba haijui kusema uongo," alikuwa akisema. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mzee Rweyongeza alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni mbio. Mtu aliyetembea taratibu, aliyekula taratibu, aliyesali sala ndefu mpaka chakula kinapoa, ndani yake alikuwa anakimbia. Alikuwa na magazeti ya zamani ya picha, yaliyoachwa na Wazungu, ameyafunga kwa uzi wa nyavu. Saa ya chai alinifungulia. Alinionyesha boti za kwanza za petroli, zilizomzidi kidogo tu mwenye baiskeli. Halafu watu wakafunga injini za ndege kwenye boti. Halafu wakafunga zile zinazosukuma kwa moto, bila propela kabisa. Nilimuuliza, bila propela, pini wanaweka wapi? Alicheka mpaka akafuta macho.

Alinieleza kuwa rekodi ya majini si kwenda tu. Unakwenda, halafu unarudi, kwa sababu upepo ukikusukuma kwenda utakuzuia kurudi, na wanachukua wastani wa safari mbili. Kulikuwa na Mwingereza mmoja, akasema, kwenye ziwa la kwao lenye baridi, alikwenda kwa kasi ambayo hakuna mtu aliwahi kuifikia. Akageuka arudi. Wakati wa kurudi boti ikainua pua, ikaruka, ikajipindua, na huo ukawa mwisho wake. "Ile ya kwenda haikuandikwa popote," Mzee alisema. Alifunga gazeti polepole, akalifungia uzi.

Siku moja alinipakia. Alikuwa amejenga boti yake kwa miaka minne, ya mbao za masanduku yaliyoleta mitambo, ndani bado kuna maandishi ya kiwandani yanayosema mzigo uwekwe mahali pakavu. Aliiita Subira. Watu walimcheka, boti ya mbio kuitwa Subira, yeye akasema ndiyo iliyomgharimu. Ilikuwa saa moja asubuhi. Ninyi mnaolala mpaka jua lichome hamlijui ziwa la saa ile. Upepo wa nchi kavu umekwisha, upepo wa ziwa haujaamka, na maji hayana hata mkunjo. Mawe yako mara mbili, moja juu na moja chini. Mashine ilipofunguliwa, Subira ilipiga maji mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikashika ubao kwa kucha zote, nikataja majina ya wazee wetu waliokufa. Halafu ikaacha kupiga.

Sijui niwaambieje. Boti ilipanda juu ya maji ikawa haiyagusi, au inayagusa kwa ncha tu kama mtu anayeonja uji. Kelele ilibaki nyuma yetu. Mbele kulikuwa na weupe tu, mbingu na maji bila mpaka, na mimi mtoto wa ng'ombe katikati, sina uzito. Nilisahau kuwa sijui kuogelea. Nilisahau foleni ya sukari. Tuliporudi gatini Mzee akazima mashine, tukakaa, maji yakitugonga pole pole ubavuni. Tangu siku hiyo nami nikawa mgonjwa.

Sasa nije kwenye ubao. Karibu na karakana yetu, juu ya miamba, kulikuwa na klabu ya boti ya Wazungu wa zamani. Baada ya uhuru wengi walikwenda kwao na jengo likawa la wafanyakazi, tukawa tunakula ugali pale. Ukutani ulibaki ubao wa mninga wenye majina kwa rangi ya dhahabu, waliokuwa na kasi kuliko wote kutoka gati mpaka jiwe la mnandi, lile jeupe kwa mavi ya ndege, kulizunguka na kurudi. Mizunguko miwili, mmoja kwa kulia mmoja kwa kushoto, na wastani wake ndio unaoandikwa. Jina la mwisho ni la Mwingereza mwingine, wa hapa hapa Mwanza, mwenye boti ya ubavu mwekundu. Aliyeichonga mashine ya boti ile, aliyeijaribu alfajiri, aliyeipeleka mbio kuliko mwenyewe, ni Rweyongeza akiwa kijana. Aliwahi kuuliza kama naye anaweza kupimwa. Akaambiwa ubao ni wa wanachama.

Hayo hakuniambia yeye. Aliniambia Ndugu Masanja, siku alipotangaza kuwa ubao utashushwa, ni kumbukumbu ya ukoloni, na mahali pake pataandikwa zamu za usafi. Mzee alikuwa amebakiza wiki chache astaafu arudi Bukoba. Alisimama, kofia mkononi, akasema, "Ndugu Katibu, naomba Jumapili moja." Masanja hakuwa mtu mbaya. Alifikiri, akasema, "Mzee, ukimpita yule, ubao unabaki na jina lako linaandikwa juu. Usipompita, Jumatatu naushusha." Nilitazama mikono ya Mzee. Ilikuwa inaikunja kofia kama karatasi, mikono ile iliyokuwa inapachika sindano ya kabureta bila kupumua.

Mashine ilikuwa moja tu yenye nguvu ya kutosha, nayo si yetu. Ilikuwa ya boti ya zahanati, inayopeleka muuguzi visiwani na kurudi na akina mama wenye uzazi mgumu. Tulikuwa tumemaliza kuitengeneza, na kanuni ya karakana ni kwamba kila mashine iliyotengenezwa lazima ijaribiwe kwa nguvu zote kabla ya kukabidhiwa. Petroli ya majaribio ilikuwa na kibali. Kwa hiyo tulipoifunga kwenye Subira hatukuiba kitu. Jumatatu asubuhi muuguzi angekuja kuichukua, na Jumapili ilikuwa ya Mzee.

Jumamosi nzima nilichonga pini. Vijiti vilitosha pini nane. Saba nilizichonga kama nilivyofundishwa, kwa urefu, kwa majivu, kwa kitambaa. Ya nane jua lilikuwa linazama, mkono umechoka, tumbo linauma kwa njaa. Nikapitisha tupa kwa upana mara moja, mara moja tu, kuondoa kinundu. Nikaipangusa, nikaitia kwenye kopo la kahawa pamoja na wenzake. Pini nane, zote zinang'aa. Nani angejua?

Asubuhi Mzee alifunga propela mwenyewe, hakutaka msaada. Mimi nilipewa saa ya kupimia, Masanja akasimama pembeni yangu kama shahidi, amevaa suti yake ingawa ni Jumapili. Ziwa lilikuwa limelala kabisa. Mzee alisali, akavaa miwani ya kuchomelea, akavuta kamba.

Nawaambia, alikwenda. Subira iliinuka mapema kuliko siku ile yangu, ikawa nyeupe, ikawa ndogo, ikawa sauti tu. Mnandi waliruka wote kwa pamoja jiwe lilipozungukwa. Nilisikia mashine ikiimba bila kukwama hata mara moja. Alipopita gati nikabonyeza. Nikasoma. Nikampa Masanja asome. Alikuwa amempita Mwingereza kwa sekunde nne. Masanja akavua kofia, mtu aliyetaka kuushusha ubao, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee anaandikwa."

Mzunguko wa pili ulitakiwa ndani ya robo saa. Mzee alikaa botini akipumzisha mikono, anatabasamu peke yake. Mimi nikakimbilia karakana kuchukua faneli ya petroli. Faneli ilikuwa juu ya meza ya kazi, kando ya kopo la pini. Nilipoinyanyua nikaona chini ya jiliwa, ile ya kubania vyuma, kitu kinang'aa. Kichwa cha msumari, kimekatwa asubuhi hiyo hiyo, hata vumbi la chuma bado lipo. Nikamwaga pini kiganjani. Zilitakiwa kuwa saba. Zilikuwa nane.

Sikumbuki nilivyotembea kurudi. Nakumbuka nilipiga goti gatini, karibu naye, ili Masanja asisikie, nikasema, "Mzee, pini ziko nane."

Alinitazama. Lile tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale usoni kama mgeni ambaye hajaambiwa aende. Akasema, "Umebaki mzunguko mmoja, Kabula."

"Najua."

"Maji yako safi. Njia naijua kwa miaka yote hii. Shaba inaweza kunikatikia. Mara moja tu, mwanangu. Sikuombi kitu kingine."

Nilikuwa nampenda mzee yule kuliko nilivyompenda mtu yeyote mjini. Nilitaka jina lake kwenye ubao kuliko yeye mwenyewe. Lakini nikaona yale meno ya gia kiganjani mwangu, nikamwona muuguzi amekaa gatini Jumatatu na mkoba wake, na mashine imefunguliwa kwenye karai. Nikasema, "Mzee, mashine ni ya zahanati. Na aliyenifundisha ni wewe."

 Kisha akainua mguu wa mashine juu ya maji, akanipa koleo. "Toa wewe," akasema. "Mikono yangu haitakubali." Akaiweka magotini, akageukia ziwa. Nikauchomoa msumari. Akaupokea, akautia mfukoni. Nikachukua pini kutoka kiganjani bila kuangalia, ya kwanza iliyokuja kwenye vidole, nikaipachika, nikafunga kotapini inayozuia propela isitoke. Dakika zilikuwa zimebaki tatu.

Mzunguko wa pili alikwenda kwa kushoto. Nilimwona akizunguka jiwe, nikamwona akirudi, saa mkononi mwangu inasema atampita tena, atampita kwa mbali. Masanja alikuwa ameanza kupiga makofi. Halafu sauti ya mashine ikapanda ghafla, nyembamba, kama mtoto anayelia akiwa usingizini, na Subira ikashuka juu ya maji, ikakaa. Mzee akazima. Kukawa kimya. Alichukua kafi akaanza kupiga, upande huu, upande huu, na kila akipiga tulisikia maji yakidondoka. Sekunde za Mwingereza zikaisha akiwa bado mbali kiasi cha kurusha jiwe. Sikuweza kubonyeza ile saa. Masanja alinichukulia akaibonyeza yeye.

Nilifungua propela mimi. Nilitafuta uzi wa wavu, jani, tope, alama ya jiwe, chochote. Hakukuwa na kitu. Propela ilikuwa safi kama sahani. Nikatoa vipande viwili vya pini, nikavielekeza kwenye mwanga, na nikaona. Ngazi. Na pale ngazi ilipoanzia, mkwaruzo mwembamba wa tupa, kwa upana. Ile ya nane.

Wenzangu, njia nzima ilikuwa salama. Maji yalikuwa safi kama alivyosema. Msumari ungefika. Hilo ndilo lililonikaa shingoni miaka yote hii. Nilimnyima msumari wake nikampa kosa langu.

Pale chini ya gati vipande vya nyavu havikosekani. Mzee alikuwa amepanda gatini kunyoosha miguu; kabla hajarudi karibu nikaokota kimoja, nikakinyonga, nikainuka nacho. "Ni wavu, Mzee," nikasema. "Ulijisokota kwenye propela." Masanja akasema kwa huzuni, basi si kosa la fundi yeyote. Mzee akanyoosha mkono, akaomba vipande vya pini. Nikampa, ningefanyaje? Akaviangalia kidogo tu, akavitia mfuko wa kifua, ule wenye mstari wa pasi.

"Basi msumari ungekula gia," akasema.

"Ungekula gia, Mzee."

"Umeiokoa mashine."

 Nilidhani nimemfariji. Niliona ameupata uongo akaulalia, na mimi nikaona afadhali, mzee aende kwao akijua alifanya jambo jema. Jumatatu Masanja aliushusha ubao, akaugeuza, akaupaka rangi nyeusi upande wa nyuma, akaandika zamu za usafi. Jina la Mwingereza likabaki linatazama ukuta. Na asubuhi hiyo hiyo muuguzi alikuja na mkoba wake, akavuta kamba mara moja tu, mashine ikaitika, akaondoka kwenda visiwani. Tulisimama mlangoni mimi na Mzee tukaisikiliza mpaka sauti ikaisha.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika bandarini. Siku ya kustaafu nilimsindikiza kwenye meli ya Bukoba, nimembebea magazeti yake yenye uzi. Jioni ilikuwa imetulia, maji rangi ya chai ya maziwa, watu wanapandisha matenga matupu na masanduku. Tuliagana kama watu wa kazi, hakuna machozi. Alipokwisha kupanda daraja akageuka, akarudi hatua mbili, akanitia mkononi kifurushi cha karatasi. Akasema, "Kabula, asante kwa ule wavu."

Akapanda. Sikuelewa, kwa kweli. Nilisimama pale nikimpungia mkono mpaka meli ikatoka, ikawa taa, na ndipo nikafungua. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya shaba, na msumari usio na kichwa. Kosa langu na kosa lake, amevifunga karatasi moja. Alikuwa amevisoma vipande vile pale pale gatini, mtu aliyenifundisha kusoma angeshindwaje? Alijua tangu dakika ile. Na wiki zote zile alinawa mikono, akanisalimia, akanywa chai na mimi, hakunitolea hata jicho.

Ninavyo bado. Msumari umeota kutu, sasa ni mwekundu. Basi usinicheke, wewe mwenye mashine ya bluu. Lete hiyo pini kabla hujaipachika. Lete niione tupa yako imepita wapi.